Kuishi kwa Amani na Mwili Wako: Mwongozo Kamili kwa Msomaji wa Mtwara na Lindi

Mtu asiyeridhika na umbo lake hajulikani sana kwa maneno, kwa kuwa wengi hulificha jambo hilo hata kwa ndugu zao wa karibu. Hujulikana kwa yale anayoyakwepa. Msichana wa Masasi huacha kwenda ngomani kwa sababu ya chunusi zilizomjaa usoni. Kijana wa Mikindani hukaa ufukweni na fulana yake wakati wenzake wote wako majini. Mama wa Nachingwea, kila picha ya harusi inapopigwa, hujisogeza nyuma ya mwenzake mwenye mwili mkubwa ili aonekane kichwa tu. Huenda hakuna kati yao aliyewahi kumwambia mtu kwamba anauchukia mwili wake, lakini kila mmoja ameupa mwili huo mamlaka ya kumwamulia aende wapi na abaki wapi.

Mwongozo huu haukuahidi kwamba utajiona mrembo au mtanashati kila siku, jambo ambalo hata warembo wenyewe hawalipati. Unakusudia kitu kinachopimika zaidi, nacho ni kuifupisha orodha ya mambo unayoyaacha kwa sababu ya sura, ngozi au uzito wako. Hatua zake zimepangwa kwa mfuatano na ni vema zifuatwe hivyo, kwa sababu mtu ambaye bado anapaka au kumeza kinachomdhuru hawezi kunufaika sana na mazoezi ya hatua zinazofuata.

Kwanza, jua kipimo chako kilitoka wapi

Katika uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba, na ng'ambo ya Mto Ruvuma upande wa Msumbiji, wazee wa Kimakonde walichanjwa chale usoni na kifuani, masizi yakasuguliwa kwenye majeraha mabichi ili michoro ibaki imekolea, na wanawake walitobolewa mdomo wa juu wakavaa ndonya, yaani pambo la kuchomekwa kwenye tundu la mdomo. Maumivu yake hayakuwa madogo, na aliyeyavumilia alihesabiwa kuwa amekamilika na anastahili kutazamwa. Leo ndonya ni nadra kuonekana isipokuwa kwenye vinyago na kwenye barakoa za ngoma ya mapiko, na mjukuu wa mzee yuleyule aliyejivunia chale zake anaweza kushinda ndani kwa sababu ya kovu dogo la shavuni.

Kipimo kinaweza kugeuka hata kwa muda mfupi kuliko huo. Katika jimbo la Nadroga nchini Fiji, ambako mwili uliojaa ulihesabiwa kuwa dalili ya mtu anayetunzwa vizuri na watu wake, televisheni iliingia mwaka 1995. Mwaka huo watafiti hawakumpata hata msichana mmoja wa shule, kati ya waliowahoji, aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 waliokiri kufanya hivyo walikuwa asilimia 11.3. Huku kwetu msichana husikia amri mbili kwa wakati mmoja, ya bibi anayemtaka anenepe ili aonekane ana afya, na ya simu inayomtaka awe na kiuno chembamba na nyonga zilizojaa. Hakuna mwili unaoweza kuzitii zote mbili, na anayejaribu ataishia kujiona na hatia kwa lolote atakalokuwa.

Hatua ya kwanza: andika unachokikwepa

Chukua daftari la kawaida la shule, ugawe ukurasa kwa mstari wa katikati, na kwa muda wa wiki moja uandike kila jioni. Upande wa kushoto andika mambo uliyoyaacha kwa sababu ya mwili wako: hukusimama kutoa hoja kwenye mkutano wa chama cha msingi, hukula mbele ya wakwe, hukuvaa shati la mikono mifupi ingawa joto lilikuwa kali. Upande wa kulia andika uliyoyafanya ili kuuficha au kuukagua mwili: kujitazama kwenye kioo cha bodaboda, kuvuta dera lisishike tumbo, kumwuliza rafiki kwa mara ya tatu kama umenenepa. Andika kwa maneno machache na bila kujilaumu.

Wiki ikiisha, lipe kila jambo la upande wa kushoto alama kuanzia 0 hadi 10 kulingana na ugumu wake kwako. Angalia pia siku mbaya zilitanguliwa na nini, kwa maana mara nyingi chanzo hujirudia: nyumba fulani uliyoitembelea, duka fulani ulilopitia, au ukurasa fulani wa simu uliokaa nao kitandani hadi usiku wa manane. Daftari hili lihifadhi, kwa kuwa hatua ya saba haiwezekani bila hilo.

Hatua ya pili: acha kinachouumiza mwili

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na mkorogo ndio wa kwanza kuzungumzwa. Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi huuzwa waziwazi katika masoko yetu, hasa fedha za korosho zinapoanza kuingia, na hatari yake iko kwa namna mbili. Kuna bidhaa yenye nembo ambayo viambato vyake vimeandikwa kwa herufi ndogo au vimefichwa kabisa. Kuna pia ile inayotengenezwa mbele yako: muuzaji anakamua tyubu mbili tatu za krimu za dawa ndani ya beseni, anamimina losheni juu yake, anakoroga kwa mwiko hadi rangi iwe moja, kisha anapima kwenye kikopo kisicho na jina, tarehe wala orodha ya kilichomo. Hata yeye mwenyewe hawezi kukueleza kiasi cha dawa ulichonunua.

Vitu vitatu ndivyo vya kuogopwa. Zebaki hupenya kwenye ngozi, ikaingia damuni na kuharibu figo na neva, na mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni; mabaki yake hubaki pia kwenye taulo na shuka ambazo watoto wa nyumba hiyo huzitumia. Haidrokwinoni, kemikali inayofifisha rangi ya ngozi, ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuacha madoa ya rangi ya buluu iliyochanganyika na weusi mashavuni na kwenye viungo vya vidole, na madoa hayo ni magumu sana kuyaondoa. Steroidi kali kama klobetasoli na betamethasoni, ambazo ni dawa za kutumiwa kwa maelekezo ya daktari, huifanya ngozi iwe nyembamba, huleta michirizi, chunusi na vinyweleo usoni, hukaribisha fangasi na huchelewesha vidonda kupona. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Unaposoma nembo, jua kwamba haidrokwinoni huandikwa hydroquinone, na zebaki huweza kuandikwa mercury, calomel au mercurio.

Ni vizuri pia kuelewa krimu hizo zinaondoa nini. Idadi ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi inakaribiana kwa binadamu wote. Kinachotofautiana ni kiasi na aina ya melanini, yaani rangi yenyewe, zinayoitengeneza na namna inavyosambaa. Melanini nyingi ni kinga dhidi ya jua, na Mtwara, iliyo karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta, si mahali pa mtu kujivua kinga hiyo kwa hiari yake. Najua kwamba mtu wa Kusini akifika Dar es Salaam hutaniwa kwa weusi wake, na utani huo wakati mwingine huuma. Hata hivyo anayetania ataisahau kauli yake kesho, na figo zitabaki kuwa zako.

Namna ya kuacha ni muhimu kama uamuzi wenyewe. Bidhaa yenye zebaki au haidrokwinoni iache siku hiyohiyo. Ikiwa umepaka mchanganyiko usiojulikana kwa miezi mingi, tegemea kwamba huenda ngozi itawaka, itawasha na kutoka vipele baada ya kuacha, kwa sababu ilikuwa imezoea steroidi. Wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba ngozi yao haiwezi tena kuishi bila krimu, wakairudia. Nenda na kopo lako kituo cha afya, au katika hospitali kama Ligula iliyopo Mtwara, Sokoine iliyopo Lindi, Ndanda au Nyangao, useme wazi ulichotumia na kwa muda gani, ili daktari aamue kama utapunguziwa kidogo kidogo. Kopo lenye zebaki usilichome moto, kwa kuwa mvuke wake ni sumu. Lifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki na uwaulize wahudumu wa afya namna ya kulitupa kwa usalama.

Vidonge vya kunenepesha mwili au kujaza makalio navyo vina siri zao. Baadhi huwa na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na usingizi. Vingine huwa na deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi, na hujaza uso na kupandisha sukari na shinikizo la damu, na kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Aliyemeza deksamethasoni kwa wiki nyingi asiache ghafla bila daktari, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala na mwili unaweza kuishiwa nguvu kiasi cha kuhatarisha maisha. Kuhusu chai za kupunguza tumbo sina maneno mengi: nyingi ni dawa za kuharisha, na kinachopungua ni maji.

Niongeze jambo moja la huku kwetu. Wapo wanaotumia mafuta ya maganda ya korosho kuchomea sunzua au kufuta michoro ya mwilini. Mafuta hayo yana asidi kali inayounguza nyama, na kovu utakalolipata litazidi doa ulilotaka kuliondoa.

Hatua ya tatu: lizoeze jicho kutazama upya

Sina imani na ushauri wa kusimama mbele ya kioo kila asubuhi na kujiambia kwamba wewe ni mzuri. Utafiti wa wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba watu waliokwisha kujidharau, walipotakiwa kurudia sentensi ya kujisifu, walijisikia vibaya zaidi, pengine kwa kuwa moyo ulikuwa ukiwabishia kila walipoitamka. Lililo rahisi kuaminika ni kueleza unachokiona bila kukisifu wala kukilaani.

Fanya hivi. Simama hatua moja kutoka kwenye kioo asubuhi, nuru ikiwa inaingia dirishani, na kwa dakika tano ujieleze kuanzia nywele hadi miguu kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa fundi vipimo kwa njia ya simu. Sema: "Nina pua pana, tundu zake ni za mviringo. Ngozi ya paji la uso imekolea kuliko ya mashavu. Bega la kushoto limeshuka kidogo. Tumbo lina mkunjo mmoja chini ya kitovu na michirizi mitano upande wa kulia." Maneno kama "baya", "zuri" na "kubwa mno" hayaruhusiwi. Sehemu unayoichukia usiipe muda mrefu kuliko unaoupa goti. Kama kujitazama bila nguo ni kugumu, anza ukiwa umevaa. Endelea kwa wiki mbili bila kuruka siku, na wakati huohuo upunguze kujikagua kwingine: kioo cha asubuhi na kile cha kabla ya kutoka vinatosha.

Simu inahitaji uangalifu wake. Picha unayojipiga kwa mkono haionyeshi uso ulivyo, kwa sababu kilicho karibu na lenzi hukuzwa kuliko kilicho mbali. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko inavyoonekana kwa umbali wa mita moja na nusu. Ukitaka picha ya haki, iegemeze simu kwenye kitu, rudi nyuma hatua mbili, tumia saa ya kuhesabu, na uzime programu inayolainisha ngozi, maana ukishaizoea sura iliyolainishwa utauona uso wako halisi kuwa na kasoro.

Kisha pitia kurasa unazozifuatilia. Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1954 kwamba mtu asipokuwa na kipimo cha wazi hujipima kwa wenzake. Zamani wenzake hao walikuwa majirani, ambao aliwaona wakiamka, wakiugua na wakizeeka. Sasa ni wageni waliochagua picha moja kati ya mia moja. Kwa msaada wa daftari lako, ondoa kurasa zinazotangulia siku zako mbaya, na usisubiri upate ujasiri wa kuzitazama bila kuumia.

Hatua ya nne: jibu midomo ya watu

Kwetu mwili wa mtu ni sehemu ya salamu. Atakayekuona baada ya miezi mitatu atasema umenawiri, au atauliza mbona umepungua, na swali hilo la pili lina historia: katika miaka ambayo UKIMWI uliua wengi kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana kwa wingi, kukonda kulisomwa kama habari ya msiba unaokuja. Kwa hiyo shangazi anayekukagua mlangoni huenda anaogopa, na hofu yake si ya kugombana nayo. Mwingine ni mtani wako, na kwa mtani unaruhusiwa kurudisha. Anayekudhalilisha ni wa tatu, na huyo utamtambua kwa kuwa hulirudia neno baada ya kujua kwamba limekuumiza.

Kwa mkubwa anayehofu, mjibu kuhusu afya kisha umpe mada ambayo yeye ndiye mjuzi:

"Shikamoo shangazi. Mimi mzima kabisa, namshukuru Mungu. Hebu niambie, mikorosho mmeshaipulizia salfa, au mvua imewachelewesha?"

Akiendelea mbele ya watu, usimjibu hapohapo. Mfuate baadaye mkiwa wawili: "Shangazi, nakuheshimu, ndiyo maana nimekuja kwako mwenyewe. Ukiusema mwili wangu barazani, nakaa na maneno hayo wiki nzima. Ukiwa na wasiwasi na afya yangu, niite pembeni, nitakueleza yote." Mzee akiombwa kwa adabu na kwa faragha ni vigumu kukataa, kwa sababu hajaaibishwa. Kama haikusaidia, tafuta mtu wa kati. Katika koo za Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera, ambazo kwa asili hufuata upande wa mama, neno la mjomba bado lina uzito kuliko kilio chako.

Kwa watu wa rika lako usitukane. Anayekuita "kimbaumbau mwiko wa pilau" anangoja ukasirike ili wengine wacheke, nawe mwambie kwa sauti ya kawaida: "Jina hilo silitaki, niite jina langu." Rudia sentensi hiyohiyo kila mara, bila kuiongezea ukali, mpaka mchezo upoteze ladha. Ikiwa anayekudhalilisha ni mume au mke, akikutukana kila siku kwa umbo lako au kukulazimisha ujichubue, hilo limevuka mipaka ya mazungumzo ya nyumbani. Ni ukatili, na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi lipo kwa ajili ya mambo kama hayo.

Ulimi wako mwenyewe nao unahusika. Kwa mwezi mmoja jiwekee sharti la kutousema mwili wa mtu yeyote, ukiwemo wako, hata kwa sifa. Utagundua ni mara ngapi ulikuwa ukifungua mazungumzo kwa kumkagua mwenzako.

Hatua ya tano: tunza ngozi uliyo nayo na uvae mwili ulio nao

Mambo mengi yanayoitwa ubaya wa sura ni maradhi mepesi ya ngozi. Mba, yale mabaka meupe ya kifuani na mgongoni yanayopenda joto na jasho la mwambao wetu, husababishwa na fangasi na hutibika kwa dawa za kupaka za bei nafuu, ingawa rangi ya ngozi huweza kuchukua miezi kadhaa kurudi. Chunusi zisikamuliwe, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi chunusi iliyokamuliwa mara nyingi huacha doa linalodumu kuliko chunusi yenyewe. Dawa ya chunusi ipewe wiki nane hivi kabla ya kuamua kwamba imeshindwa. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa miguu na mikono, lakini yanaweza kuziba vitundu vya ngozi ya uso wenye chunusi. Michirizi hufifia kwa muda, na hakuna mafuta yanayoifuta kabisa, hata kopo liwe limeandikwa nini.

Wanawake wanaobangua korosho wanastahili kutajwa peke yao. Utomvu wa ganda huunguza viganja, ncha za vidole zikawa nyeusi na ngumu, ngozi ikabambuka, na wengine huficha mikono hiyo ndani ya khanga wanapokwenda benki au hospitali. Glavu ndiyo kinga bora. Pasipo glavu, paka mafuta ya kula kabla ya kuanza na uyapake tena kila yanapokauka, osha kwa sabuni ukimaliza, na usiku upake mafuta mazito ya mgando. Wasijaribu kuing'arisha mikono hiyo kwa krimu, kwa kuwa ngozi iliyoungua hunyonya dawa haraka zaidi.

Upande wa nguo, mkombozi wetu ni fundi cherehani. Nguo za viwandani na mitumba zimekatwa kwa miili ya watu wengine, na zisipokukaa, kosa si lako. Nunua kwa kufuata sehemu yako iliyo pana zaidi, kisha mpelekee fundi apunguze kwingine. Anza na mabega: mshono unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia, kwani ukining'inia mkononi nguo nzima itaonekana ya kuazima. Wanaume wembamba hudhani shati linalopwaya huwaficha, kumbe huzidisha wembamba. Nguo unayoihifadhi kwa ajili ya mwili unaotarajia kuupata igawe. Kila unapofungua sanduku inakusomea hukumu.

Hatua ya sita: uzito uupime kwa ajili ya afya

Gawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 62 na urefu wa mita 1.58 atapata 24.8. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, chini ya 18.5 ni upungufu, 18.5 hadi 24.9 ni wastani, 25 hadi 29.9 uzito umezidi, na 30 au zaidi ni unene uliokithiri. Kipimo hiki hakitofautishi misuli na mafuta, hivyo mbeba mizigo wa bandarini anaweza kusomeka vibaya bila sababu. Pima na kiuno, ambacho kikizidi sentimita 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanamume ni sababu ya kupima sukari na shinikizo la damu. Kama namba ziko sawa, achana na mizani. Kama haziko sawa, punguza sukari ya chai na vyakula vya kukaangwa, ugali wa muhogo usiliwe peke yake bila samaki, mbaazi au kisamvu, na tembea; kushinda na njaa mchana kutwa huishia kwenye sahani kubwa ya usiku.

Hatua ya saba: rudi ulikokuwa unapakimbia

Fungua daftari, upange mambo uliyoyakwepa kuanzia lenye alama ndogo hadi kubwa, kisha uanze na lile la 3 au 4. Kanuni ni kubaki hapo mpaka aibu ipungue kwa nusu. Aibu hupanda kwa kasi dakika za mwanzo, na usipokimbia hushuka yenyewe. Ukikimbia inapokuwa juu, mwili unajifunza kwamba kweli palikuwa na hatari. Rudia jambo lilelile hadi likuchoshe, ndipo upande ngazi inayofuata.

Yule kijana wa Mikindani, kwa mfano, ataanza kwa kuingia majini na fulana yake alfajiri wavuvi wanapokuwa wachache. Wiki inayofuata ataivua akiwa na rafiki mmoja anayemwamini. Baadaye ataivua jioni ya kawaida, na mwisho Jumamosi alasiri ufukwe ukiwa umejaa, akitembea kutoka mchangani hadi majini bila kukunja mikono kifuani. Sharti hili la mwisho si dogo. Mikono iliyokunjwa, mtandio ulioshushwa hadi machoni, kukaa kiti cha pembeni, vyote ni namna ya kukwepa ukiwa umehudhuria.

Aliye na tofauti inayoonekana, kama kovu la moto, mabaka ya ngozi au kiungo kisicho sawa, anakabili jambo jingine, kwa sababu watu kweli watamtazama. Aandae sentensi moja fupi, kama "Niliungua utotoni, pamepona," na aiseme yeye kabla hajaulizwa, kisha aendelee na shughuli iliyompeleka. Mwenye ualbino aanze na usalama wa ngozi: kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, ambayo aina yake moja hutengenezwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kidonda chochote kisichopona kwa wiki kadhaa kionwe na daktari mapema.

Kwa wazazi, makungwi na walimu

Mtoto hujifunza kuukagua mwili kwa kumsikiliza mama anayeulaani wake mbele ya kioo. Msifie kwa alichokifanya na umzuie kaka yake asimwite bonge hata kwa mzaha. Na wanaomcheza mwali wakumbuke kwamba maneno yanayosemwa kuhusu umbo la msichana akiwa ndani hubaki naye miaka mingi, ilhali unyago una nafasi ambayo shule haina, ya kumweleza mapema, kwa sauti ya mtu mzima anayemwamini, kwamba mwili unabadilika na kwamba hakuna wawili wanaobadilika kwa wakati mmoja.

Wakati hatua hizi hazitoshi

Tafuta msaada wa kitaalamu ikiwa unatumia zaidi ya saa moja kwa siku ukiwaza kasoro ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo mno. Ikiwa unajitapisha, unakataa chakula, au hedhi imekoma bila ujauzito. Ikiwa umeacha shule au kazi kwa sababu ya sura. Au ikiwa umewahi kuwaza kujidhuru, na kwa hili la mwisho usingoje hata siku moja. Katika hospitali ya wilaya au ya mkoa uliza kitengo cha afya ya akili. Mtoto, au mtu mzima mwenye hofu juu ya mtoto, anaweza kupiga simu 116 bila malipo.

Ukifika, mwonyeshe daktari kurasa za daftari lako badala ya kusema tu kwamba hujisikii vizuri, kwa kuwa maneno hayo hutumiwa na mgonjwa wa malaria pia na unaweza kurudi nyumbani na dawa isiyohusika. Matibabu huwa ni mazungumzo ya mara kwa mara na mtaalamu, na pengine vidonge vya kutibu sonona, ambavyo huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi na haviachwi bila kumwuliza aliyeviandika.